Mwendeshaji asije na mwisho mfukoni

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, umeshapita nusu karne, na wanaoucheza bado wanabishana juu ya jambo la msingi kabisa: kisa kinachosimuliwa mezani ni cha nani? Kwa asiyeujua, watu wanne au watano huketi pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na mmoja wao, mwendeshaji, hubeba kila kilichobaki: mji, mvua, mwenye duka, jambazi wa njiani, mfalme. Wachezaji hueleza wahusika wao wanafanya nini, na penye shaka hurushwa dadu. Mshindi hakuna, na kisa kimoja huweza kuendelea kikao baada ya kikao kwa miaka. Mwendeshaji anayekuja mezani akiwa ameshaamua kisa hicho kitaishaje huwanyima wenzake kitu ambacho riwaya na filamu haziwezi kuwapa, yaani nafasi ya kuamua kitakachofuata. Mbaya zaidi, wengi hufanya hivyo bila kujua, kwa sababu wakijitathmini baada ya kikao hujiuliza swali lisilo lenyewe.

Kazi ya mwendeshaji haikuanza kama kazi ya mtunzi. Katika mchezo wa vita uliotumiwa na jeshi la Prussia kuanzia mwaka 1824, maofisa wa pande mbili walitoa amri zao na mwamuzi akawaonyesha kile tu ambacho askari wao wangeweza kukiona. Mwamuzi huyo hakuwa na upande wala kisa cha kulinda. Mwaka 1969, huko Minnesota, David Wesely aliuchukua utaratibu huo akawapa wenzake nafasi za watu mmoja mmoja katika mji wa kubuni uitwao Braunstein: huyu meya, yule mwenye benki, mwingine kiongozi wa wanafunzi. Wachezaji hawakungoja zamu zao. Walijitenga pembeni wakapanga njama, na vita vilivyokusudiwa havikupiganwa. Wesely aliona jaribio lake limeharibika. Wachezaji wakamwomba aandae jingine. Katika mchezo wa baadaye, uliowekwa katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Kilatini, Arneson alipewa mhusika wa kugawa vipeperushi, akaishia kuwashawishi wenzake kwamba yeye ni jasusi wa CIA. Hakuna mwendeshaji ambaye angeliandika hilo mapema. Arneson huyohuyo ndiye aliyekwenda kubuni ulimwengu wa Blackmoor, ambamo Dungeons & Dragons ilichipukia.

Njia ya pili, ya kisa chenye mwisho uliokwisha kuandikwa, nayo ilijaribiwa, tena na watu wenye vipaji. Mwaka 1984 kampuni ya TSR, iliyokuwa ikichapisha mchezo huo wa Gygax na Arneson, ilianza kutoa mfululizo wa visa vya kuchezwa uitwao Dragonlance, ulioongozwa na Tracy Hickman na Margaret Weis, ukiwa na wahusika waliokwisha kuumbwa na riwaya zilizosimulia kisa kilekile. Riwaya zilipendwa sana, na kwa haki. Mezani mambo yalikuwa mengine. Mhusika anayehitajika katika kitabu cha tatu hawezi kufa katika kitabu cha kwanza, kwa hiyo mwendeshaji alishauriwa kukifanya kifo chake kiwe cha utata ili aweze kurejea baadaye. Hapo dadu inarushwa kwa heshima tu. Mchezaji akigundua kwamba hawezi kufa, hugundua pia kwamba hawezi kuokoka kwa akili yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba wachezaji wasio na dira hupotea, na kikao kizima huishia kwenye mgahawa wa kubuni watu wakiulizana waende wapi. Ni kweli hutokea. Lakini kinachokosekana pale ni shinikizo: deni linalodaiwa Ijumaa, daraja linalobomolewa kesho, majirani wawili wanaogombea kisima kimoja. Mwendeshaji anaweza kuandaa yote hayo kwa undani bila kuandika nani atapata kisima. Wengine hutoa mfano wa Critical Role, kipindi cha waigizaji wa sauti kilichoanza mwaka 2015, chenye visa vilivyosukwa vizuri. Wale ni wasanii wanaocheza mbele ya watazamaji. Mezani kwa watu wa kawaida watazamaji ni wachezaji wenyewe, na hawakuacha shughuli zao jioni nzima ili kutazama.

Ndiyo maana swali la baada ya kikao lina uzito. Waendeshaji wengi hujiuliza kama watu walicheka, kama vita vilisisimua, kama ile hotuba ya mfalme iliwakaa vizuri mdomoni. Dungeon World, mchezo wa mwaka 2012, umeweka maswali ya kufungia kikao katika kanuni zake: je, tumejifunza jambo jipya na muhimu kuhusu ulimwengu huu, tumemshinda adui wa maana, tumepata hazina ya kukumbukwa? Ni utaratibu mzuri, ila kati ya matatu hayo hakuna linalouliza wachezaji wamebadilisha nini. Hilo ndilo la kwanza kuandikwa daftarini: waliamua nini, uamuzi huo umemgusa nani, na huyo atafanya nini kabla ya kikao kijacho. Gygax, katika kitabu chake cha waendeshaji cha mwaka 1979, alisisitiza kwa herufi kubwa kwamba kumbukumbu za muda zitunzwe kikamilifu. Wengi humcheka kwa ukarani huo. Alikuwa na sababu: kundi linalopumzika wiki nzima kuuguza majeraha linapaswa kukuta wengine wamekwisha kutangulia.

Linabaki pingamizi gumu kuliko yote, kwamba uhuru huzaa visa vilivyovunjika: wachezaji wanamuua jemadari wa maadui katika kikao cha pili, na maandalizi ya miezi yanakwenda na maji. Mwendeshaji mwenye mwisho mfukoni atamfungulia jemadari mlango wa siri. Amwache afe. Jemadari aliyekufa ana mdogo wake, ana askari wasiolipwa mishahara, na ana wadai waliokuwa wakingoja ushindi wake ili walipwe. Kabla ya kikao cha tatu, kila mmoja wao atakuwa ameshapata habari.