Wanafunzi wa saikolojia wasivikimbie vyama vyao

Likizo ndefu ilipoanza, mzee mmoja jirani yetu hapa Msambweni alinijia na shauri. Binti yake yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu bara, anasomea saikolojia, na wenzake wamemchagua kuwa katibu wa chama cha wanafunzi wa idara yao. Mzee hakupendezwa. "Mwalimu," aliniambia, "mwambie huyo mwanao asome. Mambo ya vyama ayaache. Vyama vimewamaliza watoto wa watu."

Sikumcheka, na msomaji naye asimcheke. Mzee huyu anayo kumbukumbu. Chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, NUSO, kilipigwa marufuku mwaka 1979. SONU iliundwa mwaka 1982, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huohuo, mwenyekiti wake, Titus Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Alifia gerezani mwaka 1988. SONU ilipofufuliwa, ilipigwa marufuku tena mnamo Novemba 1987. Mzazi aliyeyasikia hayo redioni katika ujana wake hawezi kulisikia neno "chama" asishtuke.

Hata hivyo, hofu iliyokuwa na sababu jana yaweza kuwa hasara leo. Mwaka uleule wa 1987, wanafunzi wa saikolojia wa nchi kadhaa za Ulaya waliviunganisha vyama vyao kuwa shirikisho moja, ili wabadilishane ujuzi na utafiti. Chama cha idara ni cha namna hiyo. Hakigombei madaraka ya chuo, wala hakimtafutii mtu ubunge. Kazi yake ni kuliendeleza darasa pale mhadhara unapokomea.

Nayo saikolojia inahitaji mwendelezo huo kuliko masomo mengi. Ni taaluma ya kusikiliza, na kusikiliza hakufunzwi kwa kunakili maelezo ubaoni. Katika chama mwanafunzi hujizoeza kumpa mwenzake sikio, kutunza siri, kuongoza mjadala bila ya kumwaibisha mtu, na kutambua ni lini jambo limemzidi kimo na lapasa kupelekwa kwa mtaalamu. Hili la mwisho ni muhimu. Tangu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, hakuna anayeruhusiwa kujifanya mtaalamu kwa sababu tu ameyasoma mambo haya chuoni. Chama kizuri humfundisha mwanafunzi mpaka wake mapema.

Tukiri pia kwamba vipo vyama vibovu. Vipo ambavyo kazi yake ni kupiga picha, kugawana vyeti vya uongozi na kula ada za wanachama. Vingine hugeuka vikao vya kikabila. Dawa ya chama kibovu si kukihama na kuwaachia wabovu. Mwanafunzi makini na aingie, aulize hesabu za fedha, na adai kazi inayoonekana.

Kazi ipo tele. Hospitali ya Msambweni ipo. Kule Kombani iko kliniki ambako waraibu wa heroini hupewa methadoni. Diani na Ukunda zina vijana waliolelewa kandokando ya mahoteli ya kitalii, wengi wao hawana kazi, na baadhi wamezama katika dawa za kulevya. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022, na mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Lakini sheria zimekwenda mbele, ndimi zetu zimebaki nyuma. Bado familia humficha mgonjwa chumba cha uani, ilhali wahenga walikwisha kutuonya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Hapo ndipo mimi, mtu wa isimu, ninapoingia. Nilimwomba yule binti amweleze babaye, kwa Kiswahili au Kidigo, ugonjwa mmoja aliousoma muhula uliopita. Alianza vyema, kisha akakwama, kwani kila neno zito lilimjia kwa Kiingereza. Babaye alitikisa kichwa kwa adabu, akatazama chini. Lawama si ya binti. Ni yetu sisi tuliomfundisha.

Neno "sonona" limo katika maandishi ya wataalamu, lakini wangapi hapa kwetu wanalijua? Watu wetu husema fulani "ana mawazo", au "moyo wake mzito", na aliyezoea kusikiliza hufahamu kwamba huenda hayo si mazungumzo ya kupita. Kamusi ya Kidigo, Mgombato, ilichapishwa mwaka 2004, kwa hiyo si kweli kwamba lugha hii haina pa kuanzia. Chama cha wanafunzi chaweza kutumia likizo moja kukusanya maneno ambayo wavuvi, akina mama na waganga hutumia wanapoitaja dhiki ya nafsi. Orodha hiyo ingewafaa wauguzi, walimu wa shule na wahadhiri pia.

Wanafunzi wengi wa Kwale wamesomeshwa kwa basari za kaunti, yaani kwa fedha za watu haohao. Deni hilo halilipwi kwa shahada iliyotundikwa ukutani. Walimu nao wawape vijana hawa chumba cha kukutania, muda wao na mashauri, badala ya kuwatilia shaka.

Mzee alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia binti yake akamwuliza: "Basi hicho chama chenu kitakuja lini huku Msambweni?" Swali hilo lastahili kuulizwa katika kila idara ya saikolojia nchini, na wa kulijibu ni wanafunzi wenyewe. Mcheza kwao hutunzwa.