MAONI YETU: Kampuni Ikikua, Mfanyakazi Amewekewa Nini?



Wanachama wengine wametuuliza kwa nini karatasi ya watu wa reli iandike habari za saruji na ujenzi. Jibu ni fupi. Mshahara wa reli peke yake haulishi nyumba. Katika Kilifi hii yetu, tangu Mariakani na Kaloleni mpaka Watamu na Malindi, ni nadra kukuta nyumba ya mtu wa reli isiyokuwa na kijana anayekata mawe timboni, au shemeji anayepandisha zege ghorofani. Huyo akianguka, wanaochanga ni sisi.

Basi tutazame kampuni moja ambayo mambo yake yalitangazwa wazi. Mwaka 1974 mzee Harjivandas Paunrana alianzisha Athi River Mining, kazi ya madini na chokaa. Ilikuwa mali ya jamaa. Mwaka 1997 hisa zake zikaingia katika soko la Nairobi. Mwanawe Pradeep naye alishika usukani. Wakaingia katika saruji. Hapa kwetu Kaloleni wakawa na kiwanda cha klinka, yale mawe yaliyochomwa ambayo yakisagwa huwa saruji. Wakavuka mpaka wakajenga kiwanda kikubwa zaidi Tanga. Mwaka 2016 shirika la CDC la Uingereza lilitia dola milioni 140. Ukisoma magazeti ya siku zile ungedhani hapana wa kuwazuia.

Agosti 2018 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni. Mwaka 2019 mali yake ya Kenya ikauzwa kwa National Cement, ambayo nayo ni ya jamaa, jamaa ya Narendra Raval, kwa shilingi bilioni 5 hivi. Kiwanda cha Tanga kikachukuliwa na Huaxin wa China mwaka 2020.

Hatuyasemi haya kwa kufurahia msiba wa mtu. Tajiri asiyetia mali kazini hana kazi ya kutupa. Lakini fedha za mkopo zinapoingia, wanaokaa mezani ni wenye kampuni, mabenki na wageni wenye hisa. Mfanyakazi hayupo. Siku ya kuanguka ndipo anapojua amewekwa wapi. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inampa nafasi ya mbele kwa mshahara wake wa miezi 4, lakini haizidi shilingi 200,000 kwa mtu mmoja. Linalozidi hapo, apange foleni na wadai wengine. Na benki yenye hati juu ya mtambo hushika mtambo wake kwanza.

Katika kampuni za jamaa kuna neno tunaloambiwa mara nyingi: "Sisi hapa ni jamaa moja." Pengine husemwa kwa moyo. Tajiri huja matangani, huleta gunia la mchele, huwajua watoto wetu kwa majina. Twashukuru. Lakini mchele wa matanga si fidia, na neno hili limemfunga mdomo mtu wetu mmoja.

Kijana wa nyumba ya mwenzetu alianguka kutoka jukwaani, katika ujenzi wa nyumba karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la miti na kamba, kofia hakuna. Nyonga ikavunjika. Akapelekwa hospitali, akapewa shilingi elfu kadhaa, akaambiwa apumzike, nafasi yake ipo. Aliona haya kudai, kwa kuwa mwenye kampuni alimsaidia katika harusi yake. Akangoja. Alipokuja kwetu akichechemea, miezi 14 imepita.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yataka dai liwekwe katika miezi 12 tangu siku ya ajali. Mlango uliobaki ni mwembamba: kuonyesha kwamba ajali iliripotiwa kwa mwajiri, hata kwa mdomo. Kijana anasema alimwambia msimamizi. Msimamizi amekwisha ondoka, na waliokuwa pale chini wakichanganya zege wanaogopa kupoteza vibarua vyao. Hapo ndipo tulipo mpaka leo.

Tazameni alichokiacha. Kwa kilema cha daima sheria hiyo hupima fidia kwa mshahara wa miezi 96. Anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi, akiwa hawezi kazi tena kabisa, hesabu yake ni shilingi 1,440,000. Kilema kikiwa kidogo, hupunguzwa kwa kadiri yake. Tena mwajiri alazimika kuwa na bima ya jambo hili.

Kwa hiyo, kampuni inapotangaza lori jipya au kandarasi mpya, twataka kuuliza bila matusi: bima imelipwa? Penye wafanyakazi 20 au zaidi, iko wapi kamati ya usalama iliyoamriwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007? Glavu na viatu vya wachanganya saruji viko wapi, maana saruji mbichi huchoma ngozi kama moto? Na yule kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima, mbona bado aitwa wa kutwa, hali Sheria ya Ajira inasema sivyo?

Nasi tuna makosa. Tumewaona kwa macho yetu wanaotundika kofia mtini kwa sababu ya joto, na wanaomcheka mwenziwe anayekataa kupanda jukwaa bovu. Huyo anayekataa ana sheria upande wake: akimwarifu msimamizi juu ya hatari kubwa, haruhusiwi kurudishwa pale mpaka itengenezwe.

Karani wa tawi ameweka daftari la ajali kwa watu wa nyumba zetu, hata wasio wa reli. Leteni siku ya ajali, mahali, jina la msimamizi, na majina ya mashahidi wawili, wiki ile ile. Yuko ofisini kila jioni baada ya zamu ya mchana. Asiyeweza kuandika atuambie kwa mdomo, tutamwandikia.