Tuambiane Bei

Mtu wetu akifiwa hapa jimboni Washington, jioni hiyohiyo simu zinaita kutoka Everett hadi Tacoma. Anateuliwa mweka hazina, michango inasomwa mbele ya watu kwa majina na kwa dola, na haupiti muda mwili umepata safari ya kurudi Mombasa, Mwanza au Bukavu. Lakini mtu huyohuyo akinunua nyumba, tunaitwa kwenye pilau na dua tu. Alitoa kianzio kiasi gani, benki ilimdai karatasi zipi, riba yake ni asilimia ngapi, hakuna anayeuliza wala anayesema. Kimya hiki kinatugharimu, na kinawaumiza zaidi waliofika juzi.

Upande huu wa mashariki wa Ziwa Washington haukuwa ghali hivi tangu zamani. Redmond ilikuwa mji wa magogo na mashamba, na hata Microsoft ilipohamia hapo kutoka Bellevue mwaka 1986 bado palikuwa na nafasi ya kupumua. Sensa ya 2020 ilikuta wakazi zaidi ya 73,000. Treni ya mjini ilianza kubeba watu kati ya Bellevue na Redmond Aprili 2024, na Mei 2025 ikafika katikati ya mji. Nyumba ya familia moja yenye ua wake ilishavuka dola milioni 1. Wachache wetu wanaandika programu katika majengo ya Microsoft. Wengi ni wauguzi, madereva, walezi wa wazee, na kila alfajiri wanapanda kutoka Kent, Renton au Federal Way kuja kuhudumia mji wasio na uwezo wa kulala humo.

Nyumba ya milioni 1, ukitoa kianzio cha asilimia 20, unabaki na mkopo wa dola 800,000. Kwa miaka 30 na riba ya asilimia 3, malipo ya mkopo peke yake ni kama dola 3,370 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 6.5, mkopo huohuo unadai kama dola 5,060. Hapo hujagusa kodi ya majengo, ambayo hapa si mbali na asilimia 1 ya thamani kwa mwaka, wala bima, wala ada ya umoja wa wenye nyumba kama ni fleti au nyumba za kushikana. Riba zilikuwa karibu na asilimia 3 mwaka 2021. Oktoba 2023 zilikaribia 8. Kwa hiyo ndugu anayekwambia msibani kwamba "nunua tu, mbona mimi naweza" huenda anasema kweli tupu, ila hajakutajia mwaka aliosaini. Mwaka huo ndio habari yenyewe.

Baada ya riba, jambo la pili ni fedha za upatu. Wengi wetu hatuweki akiba kwa njia nyingine. Wakenya wana vyama vyao, sisi wengine tuna mchezo wetu wa kila mwezi, na zamu yako ikifika unapokea maelfu kwa mkupuo. Benki huomba taarifa za akaunti za miezi 2 ya mwisho, na fungu kubwa lililoingia ghafla lazima lielezwe. Hapo ndipo watu wema wanapotumbukia. Wanamwomba shangazi asaini barua kwamba fedha ni zawadi, wakati kila mmoja anajua zitarudishwa. Barua hiyo inasema wazi kwamba si deni. Kuisaini huku ni deni ni udanganyifu mbele ya sheria, na kwa mtu ambaye makaratasi yake ya uhamiaji bado yanashughulikiwa, hatari yake ni kubwa kuliko nyumba yoyote. Pokea zamu yako mapema, iache itulie kwenye akaunti zaidi ya miezi 2 kabla ya kuomba mkopo, na utunze daftari la mchezo.

Kuna pia suala la kazi yenyewe. Vijana wetu walioajiriwa na kampuni za teknolojia hulipwa sehemu kwa hisa, na madalali hupenda kuzihesabu kana kwamba ni mshahara. Januari 2023 Microsoft ilitangaza kupunguza watu 10,000, na mwaka 2025 ikapunguza maelfu wengine. Mwenye viza ya kazi ya H-1B akiachishwa kazi, kwa kawaida ana siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake au kuondoka nchini. Siku 60 hazitoshi kuuza nyumba kwa utulivu. Msimamo wa jarida hili ni kwamba kijana wa viza anunue nyumba ambayo mshahara wa mwenzi wake, au kodi ya mpangaji, unaweza kuishikilia kwa miezi kadhaa. Hisa zisiingie kwenye hesabu kabisa. Na anayejenga nyumbani, Kibaha au Kitengela, wakati huohuo amalize moja kwanza. Tumeona familia zikibeba zote mbili, na ndoa ndiyo iliyopasuka.

Sheria nazo hubadilika bila kubisha hodi. Tangu Mei 2025, mikopo inayodhaminiwa na FHA, mamlaka ya nyumba ya serikali kuu, ile inayokubali kianzio cha asilimia 3.5, haiwafikii tena wenye viza za kazi za muda. Mikopo ya kawaida bado ipo, kwa masharti yanayotofautiana benki hadi benki. Jimbo la Washington lilianzisha mwaka 2024 msaada wa kianzio kwa familia zilizozuiwa zamani kununua kwa sababu ya rangi, lakini unadai kwamba wewe, au mzazi, babu, bibi au mzazi wa babu au bibi yako, aliishi humu kabla ya Aprili 1968. Ni haki iliyochelewa na tunaifurahia kwa waliodhulumiwa. Wengi wetu haituhusu, na ni vizuri mtu alijue hilo kabla ya kulipa wakala anayemwahidi vinginevyo. Mafunzo ya wanunuzi wapya yanayosimamiwa na tume ya nyumba ya jimbo ni ya bure.

Ndugu zetu Waislamu wanaokwepa riba wana njia ya mikataba ya ubia, ambapo taasisi na familia hununua pamoja, kisha familia hununua sehemu ya mwenzake kidogo kidogo. Waliokwisha kuingia humo watueleze gharama zake, maana wengine wameamua kupanga nyumba maisha yao yote kwa kukosa mtu wa kumuuliza.

Angalau siku 3 za kazi kabla ya kusaini mkopo, sheria inamlazimu mkopeshaji kukupa fomu yenye kila dola: riba, ada, kodi, bima, kianzio. Aliyenunua kwa mkopo anayo mahali fulani ndani ya kabati. Tunawaomba mlio nayo mfute jina, anwani na namba za akaunti, mtoe nakala, na mje nayo kwenye mkutano ujao wa jumuiya. Tutatenga saa nzima, tutazisoma mstari kwa mstari, na anayetafuta nyumba mwaka huu akae mstari wa mbele aulize lolote.