«Usiende kule, ni pabaya»: neno hili linamsaidia nani?



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya neno moja tunalolisema kila siku bila kulifikiria. Neno lenyewe ni hili: «Usiende kule, ni pabaya.»

Katika kikao cha mwezi uliopita, mama mwenzetu mmoja alipokea zamu yake ya likelemba. Huyu mama anauza sabuni na vyombo vya plastiki hapa Kalemie. Siku zote ananunua kwa wenye depo, na faida inayobaki mkononi mwake ni ndogo sana. Safari hii alitaka kuvuka ziwa yeye mwenyewe mpaka Kigoma, anunue kwa bei ya kule, ili faida ilipe masomo ya watoto wake wawili waliorudishwa nyumbani. Akauliza mbele ya wote: «Wamama, Kigoma ni kwa namna gani? Mimi sijafika hata siku moja.»

Mmoja akajibu: «Kigoma? Mama, kaa na pesa zako.» Wa pili akasema: «Wale watu ni wezi, na tena wana majivuno.» Wa tatu: «Mimi siwezi kurudia, hata mtu anilipie tiketi.» Sisi pia tulisema letu. Tulisema kwamba ziwa lilitutesa usiku mzima na kwamba hatukuona cha kusifu kule.

Mama yule akafunga pesa zake katika kona ya kitenge, akanyamaza. Mama prezida alipomuuliza kama ataenda, alisema: «Acha tu. Nitaendelea na wenye depo.»

Tulirudi nyumbani na neno lile likatukaa moyoni. Tulijiuliza: katika maneno yote makali tuliyomwambia, alipata nini cha kumsaidia? Hatukumwambia boti inaondoka siku gani. Hatukumwambia nauli, wala karatasi za kubeba, wala mahali pa kulala, wala mahali pa kujilinda. Tulimpa woga tu, na woga haulipi masomo ya mtoto.

Sisi walimu tunalijua kosa hili. Tulipokuwa tunasoma ualimu ISP, tulifundishwa kwamba mwalimu akiandika «Mbaya sana» kwa kalamu nyekundu chini ya zoezi la mtoto, hajasahihisha bado. Mtoto atalia, au atachana karatasi, na kesho atarudia kosa lile lile. Lakini mwalimu akizungusha mahali penyewe na kuandika «Hapa umesahau kubeba 1», mtoto anaona kosa liko wapi. Alama inaweza kubaki ile ile, 3 kwa 10. Ila sasa mtoto ana cha kufanya.

Sasa turuhusuni tuungame jambo letu wenyewe.

Tulikwenda Kigoma wakati wa likizo kubwa, mwezi wa 7. Pale ufukweni tulibadilisha dola na mtu tuliyekutana naye njiani. Alihesabu shilingi mbele yetu haraka haraka, akazikunja, akatupatia. Tulikuwa tumechoka, tulikuwa tumetapika usiku kucha, hatukuhesabu tena. Tulipofika mahali pa kulala, pesa zilipungua karibu nusu. Fikirini, mwalimu anayefundisha hesabu, ameibiwa kwa hesabu! Tuliona haya. Tuliporudi Kalemie hatukumwambia mtu. Kila aliyetuuliza tulimjibu tu: «Kigoma ni pabaya, hatutarudi.»

Baada ya miezi mitatu, jirani yetu alikwenda Kigoma. Alibadilisha pesa ufukweni, kwa namna ile ile, na akapoteza dola 200, mtaji wake wote. Aliporudi alikuja kuketi nyumbani kwetu. Katika mazungumzo siri yetu ikatoka. Akatutazama, akasema: «Mama Mwalimu, kumbe ulijua?» Hakusema neno lingine. Mpaka leo neno lile linatuuma kuliko pesa tulizopoteza. Tulikuwa tumemwambia kwamba Kigoma ni pabaya, ndiyo. Lakini alitusikia kama mtu anayesikia majungu, akaenda. Kama tungesema: «Pale ufukweni usibadilishe pesa na mtu wa njiani, nenda benki au katika duka la kubadilisha, na uhesabu mwenyewe mpaka mwisho,» angelinda mtaji wake.

Kwa hiyo, wamama, shida haiko katika ukali wa neno. Neno letu kwa jirani lilikuwa kali, lakini lilikuwa tupu.

Tangu siku ile tumeanza kufungua maneno makali tunayosikia juu ya Kigoma, ili tuone kilichomo ndani. Mara nyingi tunakuta jambo dogo ambalo mtu angeambiwa mapema, asingeumia.

«Watu wa kule ni wakali, walininyang'anya mifuko.» Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2019. Anayeingia nayo anaiacha mpakani. Mama aliyefunga nguo na vyakula katika mifuko hiyo atajikuta anahangaika mbele ya watu. Beba kikapu, au mfuko wa kitambaa.

«Boti iliniacha, walinidanganya saa.» Hapa Kalemie na kule Kigoma saa si moja. Wao wametutangulia kwa saa 1. Kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, kwao ni saa tatu. Anayekwenda bandarini kwa saa ya Kalemie atakuta maji matupu. Tena uliza: «Saa hiyo ni ya Kigoma ama ya Kongo?»

«Madereva wa kule wanataka kuua watu.» Kule magari na pikipiki hupita upande wa kushoto. Sisi tumezoea kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka, na kule gari linakuja kwanza kutoka kuume. Mshike mtoto mkono, tazama pande zote mbili.

«Wana majivuno, wanacheka Kiswahili chetu.» Hili lina ukweli kidogo, wapo wanaocheka. Lakini sikilizeni pia tunavyoongea. Sisi tunaingia dukani na kusema: «Unipe sabuni.» Kwetu si matusi. Kule mtu anasema: «Naomba sabuni.» Sisi tunasalimia «Jambo» na tunaendelea na shughuli. Kule kijana anamwambia mkubwa «Shikamoo», naye anajibu «Marahaba», ndipo maneno yanafuata. Muuza duka anayesikia «Unipe» anaona kwamba sisi ndio wenye majivuno. Kila upande unarudi nyumbani na kusema wale ni wabaya.

«Ziwa lile halifai mtu.» Sisi wenyewe ndio tuliosema hivi. Lakini tulisafiri mwezi wa 7. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu juu ya Tanganyika na mawimbi yanainuka. Wavuvi wetu wanajua hili tangu mababu. Wakati wa mvua upepo ule unapungua, ingawa dhoruba za ghafla zinaweza kuja. Tulisema ziwa ni baya, kumbe tulichagua majira mabaya.

Sasa mama mmoja atauliza: basi tuwe tunasifu tu? Tuseme kila mahali ni pazuri ili tusiudhi mtu? Hapana. Kuna wakati neno kali ni lazima, na anayelificha kwa kuona haya ana sehemu yake katika hasara.

Tukumbuke tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024. Boti iliyotoka Minova ilizama katika ziwa Kivu ikiwa inakaribia bandari ya Kituku, Goma. Watu walikuwa wanaiona kutoka ufukweni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Watu wengi walikufa, na kati yao wamama wenzetu waliokwenda kutafuta chakula cha watoto. Kwa jambo kama hili hatutafuti neno la upole. Ukijua kwamba boti fulani inapakia mpaka maji yanakaribia ukingo, au kwamba haina makoti ya kuokolea, sema kwa sauti, sema kikaoni, sema sokoni: «Boti ile usipande.» Hata mwenye boti akikasirika, sema. Lakini ona namna neno hili lilivyo. Linataja boti na linataja sababu. Msafiri akilisikia anaweza kungoja nyingine. Halisemi tu kwamba safari za majini ni mbaya, maana sisi wa Kalemie tutakwenda wapi bila maji?

Tena tusisahau kwamba Kalemie nayo inasemwa. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana, yakaingia katika nyumba za kandokando. Waliopoteza nyumba wanajua uchungu wake. Lakini habari zilipofika Lubumbashi zilikuwa zimekua njiani: «Kalemie imekwisha, yote iko chini ya maji.» Tulikuwa na harusi ya ndugu yetu katika siku zile, kwenye mtaa wa juu ambako hakukuingia hata tone. Mama mkubwa wetu hakuja. Alikuwa amekwisha kushona na nguo. Aliambiwa na watu waliowahi kupita hapa siku mbili tu, miaka mingi kabla. Bibi-arusi alilia. Wachuuzi wa samaki waliongoja wanunuzi wa kutoka mbali, nao walikaa na mikebuka yao. Neno moja juu ya mji wetu, lililosemwa na mtu asiyetaja ni mtaa gani, lilitufungia njia.

Kama hatukufurahi kusemwa hivyo, tusiwaseme wengine hivyo.

Tufanye nini basi? Tukisikia mama anasema juu ya mahali «ni pabaya», tusimnyamazishe. Huenda ana jambo la maana. Tumuulize kwa upole maswali manne, kama tunavyomuuliza mtoto darasani:

La kwanza: Ulifika wewe mwenyewe, au ulisikia?

La pili: Ilikuwa lini? Mwaka gani, na majira gani?

La tatu: Ni wapi hasa? Bandarini, sokoni, mahali pa kulala, au mji wote?

La nne: Ungerudi leo, ungefanya nini tofauti?

Swali la nne ndilo kubwa. Anayeweza kulijibu amekwisha kuwa mshauri. Asiyeweza kulijibu bado ana hasira, na hasira yake tuipe pole, lakini tusipange safari juu yake.

Nasi wenyewe tukirudi kutoka safari, tuseme hasara zetu bila haya. Aliyeibiwa si mjinga. Aliyeibiwa na akasema anaokoa wengine.

Mnataka kujua mama yule wa sabuni alifanya nini? Kikao kilichofuata tulisimama tukaeleza habari ya zile dola, mbele ya wote. Uso ulituwaka moto. Lakini baada yetu mama wa pili akasema naye kilichompata, na wa tatu pia. Yule aliyesema «hata mtu anilipie tiketi» akaeleza kwamba alikwenda bila kadi ya chanjo ya homa ya manjano na alisumbuliwa siku nzima. Mama kesiye akachukua kaye na kalamu, akaandika yote. Ilijaa kurasa mbili.

Mama wa sabuni akaomba kaye ile, akaisoma usiku, na juma lililofuata akavuka. Amerudi siku ya tano. Hakurudi na sifa tupu. Furushi moja la bidhaa lilichelewa na alilipa usiku mmoja zaidi wa kulala ambao hakuupangia. Mwenye duka mmoja alimcheka aliposema «minataka». Lakini pesa zake alibadilisha mahali panapofaa na alizihesabu mara mbili. Mtoto mmoja amerudi shuleni jana. Wa pili anangoja bidhaa zimalizike kuuzwa.

Naye ameongeza mistari yake katika kaye: siku aliyosafiri, nauli aliyolipa, furushi lililochelewa na sababu yake, na jina la mtaa ambako mama mmoja mzee anapangisha chumba safi kwa bei ndogo.

Tunaomba kila kikundi chetu kianze kaye kama hiyo. Si ya Kigoma tu. Kuna Moba, Uvira, Bujumbura, Lubumbashi, hata hospitali tunakopeleka wagonjwa. Kila anayerudi aandike mistari mitano, na asiyejua kuandika amwambie mtoto wake wa darasa la sita amwandikie. Itakuwa pia zoezi zuri la kuandika.

Kaye yetu iko kwa mama kesiye. Njooni muisome kabla ya safari, na mje muijaze baada ya safari.

Tuonane juma lijalo.