Sumaku inaweza kusafisha maji ya mito yetu?

Kila mchimbaji wa zahabu huku kwetu anajua sumaku. Anaitoa ndani ya bafle iliyokufa, anaifunga na sashe, anaipitisha juu ya mchanga mweusi. Ule mchanga unaruka na kushikamana nayo, zahabu inabakia kwenye karai. Basi watu wanauliza: kama inatoa mchanga, haiwezi pia kutoa sumu ndani ya maji?

Inaweza, lakini si kwa kuitumbukiza ndani ya bidoni tu. Sumaku haivuti zebaki, wala arseniki. Inafaa kwanza kutia ndani ya maji kitu ambacho sumaku inavuta, na ile sumu inatana nacho.

Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha njia hiyo. Walitumia chembe ndogo sana za magnetaiti, madini ileile iko ndani ya mchanga wetu mweusi. Arseniki ilinata kwenye chembe, sumaku ikazivuta zote pamoja. Walikuwa wanafikiria visima vya nchi kama Bangladesh, ambako arseniki inatoka ndani ya udongo wenyewe.

Sisi tatizo letu kubwa ni zebaki ya kushika zahabu. Hapo kazi inazidi: chembe zinapakwa kwanza dawa yenye salfa, na hiyo ni kazi ya maabara. Tena sumu haipotei. Inabakia tope, na ukilimwaga kichakani, mvua ya kwanza inalirudisha mtoni. Njia hiyo inafaa kwa tangi, si kwa mto mzima.

Nyumbani tusijidanganye. Kuchemsha maji na kutia klore vinaua vijidudu, na tuendelee kufanya hivyo juu ya kipindupindu. Lakini haviondoi zebaki.

Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki ulitambuliwa mwaka 1956. Mkataba unaobeba jina la mji huo unataka nchi zikomeshe kuchoma zebaki hewani wazi, na kuichoma ndani ya makartie watu wanamoishi.

Basi mbele ya kungojea mashini, tuwaulize ma-PDG wa mashimo: zebaki inachomwa wapi, na maji ya kuoshea yanamwagwa wapi? Ikisha kuingia mtoni, hakuna sumaku ya bafle itakayoirudisha.