Kompyuta ya Shule Si ya Klasi ya Mwisho Peke Yake



Juma lililopita mtoto wa klasi ya saba alitusimamisha karibu na biro, akatuuliza mbele ya wenzake: «Kapita, ile ordinatere njo ya banani?» Tukamjibu kwamba ni ya shule. Akatazama chini, akasema: «Basi sisi hatuko ba shule?» Wenzake wakacheka. Sisi makapita tuko na ufunguo wa kabati, lakini jibu hatukuwa nalo. Ndiyo sababu tunaandika makala haya.

Wengi mnajua namna mashine ile ilivyofika. Mwanafunzi wa zamani wa shule yetu aliileta mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo kutoka Kampala, ndani ya mfuko wake wa nguo. Ilikuwa mpya kabisa, ya toleo la karibuni. Siku ile watu waliuliza: «Ordinatere yenyewe iko wapi?» Maana waliona klavye tu, kile kibao cha herufi. Kumbe mashine yote imo ndani ya kibao hicho. Inahitaji televisheni ya kuonyeshea na waya wa umeme, basi. Katika kadi ndogo kama ukucha wa kidole gumba aliweka Wikipedia ya Kifaransa, inayosomwa bila intaneti kwa programu iitwayo Kiwix. Tulitafuta neno «volkano», na mara Nyiragongo yetu ikatokea kwenye kioo. Hata Bwana Prefe alisimama nyuma yetu akisahau chakula chake.

Halafu ikaja kanuni. Sisi makapita pamoja na klasi ya mwisho tulikwenda biro, tukasema: sisi tuko na mtihani wa Serikali, wadogo wataiharibu, heri tuishike sisi. Tukakubaliwa. Kwa hiyo msimlaumu mkubwa yeyote. Kanuni ile haikushuka kutoka juu. Ilitoka kwetu wenyewe. Hilo tunalikiri kwanza.

La pili tunalolikiri ni zito zaidi. Mnakumbuka kwamba katika muhula wa pili mashine ilikufa. Tulitangaza kwenye mstari wa asubuhi kwamba mtoto wa klasi ya saba aliingia bila ruhusa, akaigusa, na siku mbili nyuma yake ikaharibika. Mtoto yule alifagia uwanja juma zima. Sasa sikilizeni ukweli wenyewe. Chaja iliyokuja na mashine ilikuwa imepotea mikononi mwetu, sisi wakubwa. Tukachukua chaja ya simu, ya soko, tukasema waya ni waya. Tangu siku hiyo alama ya radi, ya rangi ya manjano, ilikuwa ikitokea pembeni mwa kioo. Mmoja wetu alisema mashine inatabiri mvua, na kwa kuwa kwetu mvua haikosi, tulimwamini! Mtoto yule alipoingia, aliuliza neno moja tu: «Ile radi inasema nini?» Tukamfukuza.

Nyuma ya mwezi mmoja mwalimu wetu wa hesabu alikwenda Goma, akasoma kwenye intaneti maana ya alama hiyo. Inasema kwamba umeme unaoingia ni mdogo, haufikii kipimo. Mashine ilikuwa na njaa, nasi tulikuwa tukiichomoa waya kila mara ilipokwama, bila kuifunga kwa utaratibu. Ukiikatia umeme wakati inaandika, kadi yake inaweza kuharibika. Ndivyo ilivyokuwa. Kosa halikuwa la mashine wala la mtoto, lilikuwa letu. Yeye wa klasi ya saba ndiye mtu wa kwanza katika shule hii aliyeuliza swali lililofaa, naye akapewa ufagio. Tunamwomba radhi hapa, mbele ya shule nzima, kama vile tulivyomwaibisha mbele ya shule nzima.

Ndugu wasomaji, tulipoanza kutafuta habari tuliona kwamba sisi hatukuwa wa kwanza kuteseka na mashine mpya. Tarehe 29 Februari 2012, huko Uingereza, walitoa kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi kwa bei ya dola 35, juu ya watoto wapate kujifunza kuandika programu. Zile za kwanza zilikuwa 10,000, na watu walizigombania hata kurasa za wauzaji zikakwama. Lakini aliyeipata alikuta ubao mtupu, bila klavye, bila kioo, bila kasha. Wengi walichukua chaja za simu, kama sisi, na mashine zikawa zinajizima. Walifanya nini? Hawakuzifungia kabatini. Waliandikiana orodha: chaja hii inafaa, ile haifai, kadi hii inakubali, ile inakataa. Aliyenunua leo alipata akili ya yule aliyenunua jana.

Mwaka wa 2019 ilipotoka ile ya nne katika ukoo huo, wanunuzi wa kwanza waligundua kwamba nyaya fulani za umeme haziiwashi. Wakasema wazi. Wenye kuitengeneza wakakubali kosa, na mbao za baadaye zikarekebishwa. Tazameni: kasoro haikuonwa na mabwana wakubwa walioitengeneza, ilionwa na watu wa kawaida walioitumia nyumbani.

Na zamani zaidi ilikuwa hivyo hivyo. Mnamo Januari 1975, gazeti moja la Marekani, Popular Electronics, lilionyesha mashine iitwayo Altair 8800. Uliyelipa dola karibu 400 ulipewa vipande, uviunganishe mwenyewe. Haikuwa na klavye wala kioo, ila vitufe vya kupandisha na kushusha, na taa ndogo. Tarehe 5 Machi 1975 watu 30 hivi walikusanyika katika garaji moja mjini Menlo Park, California, ili kila mmoja aonyeshe alichoweza na alichoshindwa. Kati yao alikuwa kijana Steve Wozniak, ambaye mwaka uliofuata alionyesha mashine ya kwanza ya Apple. Je, kama garaji ile ingekuwa na kapita wa kusema «wewe bado mdogo, toka», tungeipata wapi kazi ya Wozniak?

Tena kuna jambo linalotugusa sisi watu wa Kivu. Kule Rubaya, katika Masisi, vijana wanachimba coltan. Ndani yake hutoka madini ya tantalum, ambayo hutumiwa katika vipande vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta nyingi duniani. Jiwe linatoka kwetu begani mwa mtu, katika mfuko, na wengi wanaolibeba hawajagusa kompyuta hata siku moja. Hatuwezi sisi wanafunzi kuyanyosha mambo hayo yote. Lakini mashine moja imepanda barabara ile mpaka kwetu Kalengera, na sisi wenyewe tumeitia kufuli. Wengine kati yetu walifika shule hii wakikimbia vita, wameacha hata madaftari. Tuwaambie na hapa kwamba kitu kizuri ni cha wengine?

Tunajua maneno ya wanaotupinga, maana jana yalikuwa maneno yetu. Wanasema: wadogo wataivunja. Tunawajibu: hesabuni. Nani alipoteza chaja? Nani alichomoa waya? Klasi ya mwisho! Wanasema: sisi tuko na mtihani wa Serikali. Ni kweli, nasi tunauogopa kama ninyi. Lakini tulipofungua daftari la kabati tulikuta majina 43 tu katika shule ya wanafunzi 286, na kati ya hayo wasichana 4. Na saa nyingi hazikuwa za mtihani. Zilikuwa za ule mchezo wa karata. Tusidanganyane. Tena kadi mpya na chaja mpya zilinunuliwa kwa mchango wa franka 200 kwa kila mwanafunzi. Klasi ya saba walilipa sawa na sisi. Nani kati yetu alikataa franka zao akisema bado ni wadogo?

Hatusemi kwamba kufungua kabati kunatosha. Nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo za watoto kwa shule nyingi za vijijini, na mwaka wa 2012 wachunguzi waliopima shule 319 hawakuona kwamba watoto wale wameendelea zaidi kuliko wengine katika hesabu wala katika lugha. Mashine peke yake haifundishi. Inataka mtu wa kuongoza, kazi ya kufanya, na ruhusa ya kuuliza. Kwa hiyo tunaleta mapendekezo haya kwa Bwana Prefe, kwa walimu na kwa wanafunzi wote:

1. Mashine iwe wazi siku tano za juma, saa nane hadi saa kumi za mchana. Kila zamu iwe ya nusu saa, watu wawili wawili. Hizo ni zamu 20, yaani watu 40 kwa juma. Zamu 6 ziwe za klasi ya saba na ya nane, 6 za klasi za katikati, na 8 za klasi ya mwisho. Tumejiachia nyingi kidogo juu ya mtihani, hatutaki nyingine.

2. Nusu ya zamu katika kila klasi ziwe za wasichana. Asiyekuja, zamu yake ipewe msichana mwingine, isichukuliwe na kapita.

3. Kila zamu ianze na kazi iliyoandikwa na mwalimu, hata kama ni swali moja la biolojia au jiografia. Michezo ya karata ifutwe. Tutaifuta sisi wenyewe, maana sisi ndio tunajua imejificha wapi.

4. Kando ya mashine liwekwe daftari la makosa. Kila anayeona jambo geni aliandike, na tarehe, na alichokuwa akifanya. Tarehe muitazame katika kalenda ya ukutani, maana mashine hii haina betri ya saa, na ikizimwa hukosea siku. Anayeandika kosa asiadhibiwe. Aadhibiwe anayelificha.

5. Ufunguo ukae kwa watu wawili: kapita mmoja na mwanafunzi mmoja wa klasi ya nane. Sisi tunaondoka mwisho wa mwaka huu. Tukiondoka na ujuzi wote kichwani, mwaka ujao mtarudi kuitabiria mvua ile radi.

Labda mmoja wenu atasema: kapita huyu anatafuta kupendwa sasa kwa kuwa anamaliza masomo. Sivyo. Tumeshika ufunguo ule miezi saba, na tunawaambia kwamba haukutuongezea akili. Ulituongezea sauti tu, ya kusema «toka».

Mtoto wa klasi ya saba, wewe uliyeuliza ile ordinatere ni ya nani: ni yako pia. Tumekwisha kuonana na mwalimu wa hesabu, naye amekubali mapendekezo yetu. Tunangojea neno la Bwana Prefe. Akikubali, Jumatatu saa nane zamu ya kwanza ni ya mwenzako yule aliyefagia uwanja. Aje na rafiki mmoja. Na radi ikitokea tena kwenye kioo, aandike katika daftari, halafu atuite. Tutakuja kujifunza.

Ni sisi wenu,
Kapita wa wanafunzi, klasi ya mwisho