Aliacha Safari Akalee Binti Yake

Mwezi uliopita niliahidi tutaongea kuhusu wivu, lakini naomba radhi, wivu itabidi usubiri. Mwezi huu yamenikuta mimi mwenyewe.

Iko hivi. Nilirudi kutoka safari ya kikazi mikoani, wiki saba mfululizo. Nikafika nyumbani na mfuko wa zawadi mkononi, nikapiga hodi. Aliyekuja mlangoni ni binti yangu wa miaka mitatu. Akaniangalia juu mpaka chini, akageuka na kupaza sauti: "Mama, kuna anko!"

Mama watoto alicheka. Na mimi nikacheka, lakini usiku ule sikupata usingizi, maana kwenye begi langu kulikuwa na mkataba mpya. Mshahara mara mbili ya huu wa sasa, kituo nje ya nchi, familia inabaki Dar, likizo mara mbili kwa mwaka. Washikaji wote niliowauliza walinipa jibu moja: "Saini bwana, mtoto atakua tu."

Aliyenijibu tofauti ni mzee mmoja wa mtaani kwetu Magomeni. Enzi zake alipuliza saksafoni, ule mdomo wa bata, kwenye bendi za dansi, zile zilizojiita Jazz wakati zinapiga rumba na twisti. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakunishauri kitu. Akaweka CD, akasema, "Msikilize huyu kwanza mwanangu, halafu nitakwambia alifanya nini."

Huyo alikuwa James Moody, Mmarekani mweusi, mpuliza saksafoni na filimbi.

Moody alizaliwa mwaka 1925 huko Savannah, jimbo la Georgia, akakulia Newark, New Jersey. Alizaliwa na tatizo la kusikia. Shuleni wakamwona mzito wa akili, kumbe mtoto wa watu hasikii vizuri anachofundishwa! Baadaye ndipo akapelekwa shule ya viziwi. Alipofika miaka 16, anko wake (ndiyo, anko!) akampa zawadi ya saksafoni. Mtoto aliyesemwa haelewi akaanza kuelewa kitu ambacho wengi wenye masikio mazima hawakukielewa.

Mwaka 1943 aliingia jeshi la anga, akapiga kwenye bendi ya weusi peke yao, maana jeshini rangi zilitenganishwa. Alipotoka mwaka 1946 alikwenda kujaribiwa kwenye bendi ya mpiga tarumbeta mkubwa, Dizzy Gillespie. Mara ya kwanza wakamtema. Miezi michache baadaye wakamchukua, na Dizzy akawa rafiki yake wa maisha.

Mwaka 1948 alikimbilia Ulaya, amechoka na ubaguzi wa kwao na pombe imeanza kumkalia vibaya. Mwaka 1949, akiwa Stockholm nchini Sweden, aliingia studio na saksafoni ya kuazima. Akapiga wimbo mmoja wa mapenzi uliokuwa ukijulikana sana, ila aliubadilisha pale pale, kichwani, mpaka ukawa kitu kingine kabisa. Mwimbaji Eddie Jefferson akatunga maneno ya kufuata kila alichopuliza Moody. King Pleasure akayarekodi mwaka 1952, na dunia ikaupokea wimbo kwa jina la "Moody's Mood for Love". Jina lake likawa ndani ya wimbo wa mapenzi. Ungekuwa wewe ungejisikiaje?

Lakini sifa haimtoi mtu kwenye chupa. Mwaka 1958 ukumbi waliokuwa wakipiga huko Philadelphia uliungua, vyombo vya bendi, sare na karatasi za muziki vyote vikaenda na moto. Moody alikuwa ameshafika mwisho. Akajipeleka mwenyewe hospitali ya Overbrook, New Jersey, kutibiwa ulevi, akakaa huko miezi kadhaa. Mwaka huo huo, alipotoka, akarekodi albamu na kuiita "Last Train from Overbrook". Hakuficha alikotoka. Wangapi kati yetu tungethubutu?

Filimbi aliianza katikati ya miaka ya 1950, akiwa tayari na jina kwenye saksafoni. Mpaka uzeeni alikuwa akitania kwamba yeye si mpiga filimbi, ni mshika filimbi tu. Msikilize, utajua ni utani. Kwenye saksafoni anaongea kama mtu mwenye haraka na habari nyingi. Kwenye filimbi anaongea kama mtu aliyekaa kibarazani.

Sasa ndugu msomaji, hapa ndipo mzee alipotaka nifike. Kuanzia mwaka 1963 Moody alikuwa tena na Dizzy, wakizunguka dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaacha yote. Akahamia Las Vegas, mji wa kamari, akajiunga na okestra ya hoteli ya Hilton. Kwa miaka saba alikaa nyuma ya jukwaa akisoma noti alizoandikiwa, mbele wakiimba kina Elvis Presley na Liberace. Mtu ambaye jina lake liko ndani ya wimbo!

Sababu aliieleza mwenyewe waziwazi. Alikuwa na mke na binti, na kazi ile ilimruhusu kulala mji mmoja. Kwenye ndoa ya nyuma hakuwaona watoto wake wakikua, safari hii alitaka kuwa baba kweli. Na hakujipamba: alisema angalau kwa huyu alijitahidi zaidi, maana alikaa naye mpaka binti akafika miaka 12.

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kilikwisha kama kwenye filamu. Ndoa ile ilivunjika. Moody akarudi New York kuanza upya, umri umeshavuka miaka 50. Na muziki haukumfungia mlango. Mwaka 1986 akatoa albamu "Something Special". Mwaka 1989 akamwoa Linda, na msimamizi wake wa ndoa alikuwa nani? Dizzy! Mwaka 1998 akapewa heshima ya juu ya wanajazi nchini Marekani, ile ya Jazz Master. Alifariki San Diego tarehe 9 Desemba 2010, na miezi miwili baadaye albamu yake "Moody 4B" ikashinda tuzo ya Grammy.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Nikamsimulia mama watoto habari yote, nikasubiri machozi ya furaha. Alikuwa anakunja nguo. Akaniambia, "Miaka saba? Mimi huu ni wa nne tangu niache kazi nimlee mwanao. Grammy yangu iko wapi?"

Kimya. Nilikosa la kusema, nikachukua nguo nikaanza kukunja na mimi.

Kina baba wenzangu, tuambiane ukweli. Baba akibaki nyumbani miaka saba tunamwandikia makala. Mama akibaki, tunamuuliza kwa nini ugali umechelewa. Na nyie kina dada, msiogope kusema kama alivyosema huyu wangu.

Mkataba nimeurudisha bila saini. Usinipigie makofi, maana kodi ya nyumba iko pale pale na ada za shule zinakuja. Tumekubaliana mwenzangu aanze kutafuta kazi, na mimi nimeomba nipunguziwe safari za mikoani. Bosi kasema atafikiria. Usiku bado najiuliza kama nimefanya ujinga. Simwambii mtu yeyote aache kazi, kila nyumba ina hesabu zake. Ila kabla hujasaini, waulize wa nyumbani kwako kwanza, washikaji baadaye.

Jana jioni nilirudi mapema. Binti akafungua mlango, akaniangalia kidogo. "Mama," akasema, "ni baba."

Tukutane mwezi ujao Mungu akipenda. Na safari hii kweli, tutaongea kuhusu wivu.